Namna ya Kufuatilia Chimbuko la Lugaflow

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujua Lugaflow ilitoka wapi, na ambaye yuko tayari kutumia miezi kadhaa, nauli za bodaboda na subira nyingi ili apate jibu analoweza kulitetea mbele ya watu waliokuwapo. Lugaflow ni hip hop inayoghanwa kwa Kiganda. Ilichipuka Kampala katika miaka ya 1990 na ikakaa muda mrefu andagraundi, yaani katika kaseti za kurudufiwa, kumbi za mitaani na mabaraza ya vijana, kabla redio na televisheni hazijaitambua. Nawaandikia hasa wenzangu tunaotumia Kiswahili hapa Uganda, tuliolelewa Bombo, Arua, Busia au katika kota za askari, kwa sababu muziki huu tunausikia tukiwa mguu mmoja ndani na mmoja nje: Kiganda tunakielewa, lakini sikio letu limefundwa na lugha nyingine. Hali hiyo ina faida yake na ina mtego wake, na nitaeleza vyote viwili.

Kwanza, badilisha swali. Ukiingia mtaani na kuuliza ni nani aliyekuwa wa kwanza kurap kwa Kiganda, utapata majina mengi kuliko idadi ya watu uliowauliza, na kila mmoja atakuwa na shahidi wake. Hata huko Bronx, mjini New York, ambako hip hop ina tarehe ya kuzaliwa inayotajwa kila mwaka, yaani tarehe 11 Agosti 1973, siku DJ Kool Herc alipopiga muziki katika sherehe ya dada yake kwenye jengo namba 1520 la barabara ya Sedgwick, tarehe hiyo ni alama ambayo watu wamekubaliana kuiheshimu. Vijana waliokwisha kuwa wakicheza mitaani hawakusubiri siku hiyo ifike. Swali linaloweza kujibiwa ni hili: ni lini, na kwa njia gani, rapa wa Kampala waliacha kuvisha Kiganda nguo ya Kiingereza na kuanza kukiacha Kiganda chenyewe kiongoze mapigo? Jibu la swali hilo halimo katika majigambo ya mtu yeyote. Limo katika rekodi, na rekodi unaweza kuipima.

Anza na sikio

Kabla ya kumhoji mtu yeyote, jifunze kusikia jinsi Kiganda kinavyokaa juu ya biti, yaani mdundo wa wimbo. Sisi wa Kiswahili tumezoea mizani, ambapo kila silabi huhesabiwa moja na zote zina uzito sawa. Ukitumia hesabu hiyo kwa Kiganda utakosea, kwa sababu Kiganda kina irabu ndefu na konsonanti zilizokazwa ambazo hubadilisha maana ya neno. Aliyesoma madrasa ataelewa haraka: kuna madda na kuna shadda. *Okusula* ni kulala usiku mahali fulani, na *okusuula* ni kutupa. *Okusiba* ni kufunga kwa kamba, na *okusiiba* ni kushinda mchana kutwa, au kufunga kwa maana ya saumu. *Okuta* ni kuachilia, lakini *okutta*, yenye t iliyokazwa, ni kuua. Rapa anayefupisha irabu ili neno lienee katika mstari anaweza kujikuta ameua mtu aliyekusudia kumwachilia.

Sasa fanya zoezi lenyewe. Chagua mistari 16 ya wimbo mmoja wa zamani na uiandike kwa tahajia sanifu ya Kiganda, ukiweka herufi mbili kila palipo na urefu au mkazo. Kisha piga makofi pamoja na ngoma. Biti yenye kasi ya mapigo 90 kwa dakika huupa kila mstari wa mapigo manne takriban sekunde 2.7, na mlio mkali wa ngoma ndogo huangukia pigo la pili na la nne. Tia alama chini ya kila silabi inayoangukia mlio huo. Katika rekodi ambazo rapa bado anaiga Kiingereza, utaona silabi yoyote ile, hata kiambishi kisicho na uzito, ikitupwa juu ya mlio kwa sababu tu mstari umefika hapo. Katika rekodi zilizokomaa utaona irabu ndefu ndizo zinazopewa nafasi hiyo, na utasikia konsonanti iliyokazwa ikiacha kimya kifupi kabla ya mlio, kimya ambacho rapa hakukibuni: lugha imempa bure. *Okusuula* ina silabi nne kwa hesabu yetu, lakini mkono wako utapiga mara tano. Mkono ukishaanza kupiga hivyo bila kufikiri, uko tayari kuendelea.

Jambo la pili la kusikiliza ni vina. Kila neno la Kiganda, kama la Kiswahili, huishia na irabu, na vitenzi vingi huishia na *a*. Kwa hiyo kina cha irabu moja hakigharimu chochote, na washairi wetu wa pwani wasingekihesabu kuwa kina. Tafuta vina vinavyobeba silabi mbili au tatu za mwisho, au vinavyogonga mzizi wa neno. Tafuta pia vina vya mwanzo, maana upatanisho wa kisarufi huleta mfululizo kama *abaana abato abalungi*, ambao ni ndugu wa damu wa watoto wadogo wazuri. Rapa asiye na ubunifu huuegemea mfululizo huo. Rapa mzuri huuvunja kwa makusudi pale ulipomzoeza msikilizaji kuutarajia.

Tatu ni hazina ya mafumbo. Kiganda kina *engero*, *ebisoko* na *ebikokyo*, yaani methali, misemo na vitendawili, na kitendawili cha Kiganda hutegwa kwa kusema *koyi koyi*, naye msikilizaji hujibu *lya*, sawasawa na kitendawili na tega vyetu. GNL Zamba, aliyekuja kuwapelekea umma mpana rap ya Kiganda, aliiita albamu yake Koyi Koyi, na mtu asiyejua mchezo huo wa jioni nyumbani atadhani ni sauti tu ya kupendeza.

Hapa ndipo watu wengi hukimbilia kutangaza kwamba Lugaflow ni mtoto wa kadongo kamu, muziki wa gitaa moja na hadithi ndefu ambao Herman Basudde, aliyefariki mwaka 1997, na Paul Kafeero, aliyefariki mwaka 2007, waliufikisha kilele chake. Dai hilo linavutia, nami nalipenda, lakini kufanana si ushahidi wa kurithi. Cheza Kafeero na rapa wako kwa zamu, dakika mbili mbili, na uandike kila mmoja anavuta pumzi wapi, anamtaja msikilizaji mara ngapi, na anafunga kisa kwa fumbo au kwa tamko la wazi. Kisha, utakapomhoji rapa huyo, usimuulize kama aliathiriwa na Kafeero, kwa kuwa adabu itamlazimisha akubali. Muulize nyumbani kwao redio ilikuwa ya nani, na ilifunguliwa saa ngapi.

Tafuta vitu vyenye tarehe

Kumbukumbu ya binadamu husogeza miaka, tena karibu kila mara huirudisha nyuma, kwa sababu kila mtu angependa kuwa alitangulia. Dawa yake ni kuwa na orodha fupi ya tarehe zisizopingika na kupitisha kila simulizi humo. Hewani palikuwa na Radio Uganda peke yake hadi mwaka 1993, Sanyu na Capital zilipofungua njia ya redio za FM, zikitangaza kwa Kiingereza na kupiga kwa wingi muziki wa Marekani. CBS, redio ya Ufalme wa Buganda, ilianza mwaka 1996 na kutangaza kwa Kiganda. Basi mtu akikuambia kwamba wimbo wake wa Kiganda ulipigwa CBS mwaka 1994, si lazima awe mwongo. Huenda wimbo ni wa kweli na redio ni ya kweli, ila mwaka ndio umeteleza. Magazeti nayo yana mipaka yake: New Vision lilianza mwaka 1986, Monitor mwaka 1992, na Bukedde, ambalo ni la Kiganda, mwaka 1994. Nenda maktaba kuu ya Makerere, omba majalada ya miaka hiyo, na usome kurasa za burudani na hasa matangazo madogo ya kumbi, kwa maana mwandishi wa habari angeweza kuwapuuza vijana wa mtaani, lakini mwenye ukumbi aliyetaka kuuza tiketi hakuwapuuza. Orodha za tuzo za muziki za PAM (Pearl of Africa Music), zilizoanza mwaka 2003, zitakusaidia kujua ni nani alikwisha kutoka andagraundi. Waliobaki huko hazitakuonyesha.

Mabango ya maonyesho yana thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mengi yalichapishwa Nasser Road, barabara ya wapiga chapa mjini Kampala: karatasi nyembamba, wino unaopauka, na karibu yote yanataja siku na tarehe bila kutaja mwaka. Tuseme umepata bango linalosema Jumamosi tarehe 14 Februari, na chini yake pana namba ya simu inayoanza na 077 ikifuatwa na tarakimu sita. Fungua kalenda: kati ya 1990 na 2010, tarehe 14 Februari iliangukia Jumamosi mwaka 1998, 2004 na 2009. MTN, kampuni ya simu yenye namba za 077, ilianza kazi Uganda Oktoba 1998, kwa hiyo Februari ya mwaka huo haiwezekani. Katikati ya miaka ya 2000 namba hizo ziliongezwa tarakimu na kuwa 0772, kwa hiyo 2009 nayo inaanguka. Bango lako ni la mwaka 2004, na hukuhitaji shahidi.

Kaseti inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ndiyo yenye sauti yenyewe na huharibika mkononi mwako ukiwa unatazama. Kwanza vunja vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake, ili hata ukibonyeza kitufe kisicho chake usifute kilichomo. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, kisha subiri kikauke. Usicheze mkanda uliokaa miaka 20 bila kuusokota mbele hadi mwisho na kuurudisha nyuma hadi mwanzo, ikiwezekana kwa kalamu ya Bic kama tulivyofanya utotoni, ili ulegee pale uliposhikana. Niliruka hatua hiyo mara moja, kwa haraka tu, na redio ikanilia mkanda wa mtu. Nilikaa usiku mzima nikiunyoosha kwa kidole juu ya kitambaa, na hadi leo wimbo wa tatu una mkwaruzo ambao ni wangu mimi, si wa prodyuza. Sauti ikitoka kama imefunikwa blanketi, zungusha polepole ile skrubu ndogo iliyo pembeni mwa kichwa mpaka sauti nyembamba zisikike vizuri. Rekodi kwenye kompyuta kwa programu ya bure kama Audacity, katika muundo wa WAV usiobanwa, kwa kiwango kisichopungua biti 16 (za kompyuta, si za ngoma) na hezi 44,100. Kila dakika itachukua takriban megabaiti 10. Usiondoe mivumo. Mvumo wa kurudufu mara tatu hukuambia kwamba kaseti hiyo ilizunguka mikono mingi, na hilo ni sehemu ya habari unayoitafuta.

Kuwahoji wenyewe

Jina ambalo huwezi kulikwepa ni Bataka Squad, kundi la Babaluku, Saba Saba aliyejiita pia Krazy Native, na Momo MC, ambalo awali lilijulikana kama Bataka Underground na ambalo hutajwa zaidi kuliko lolote pale neno Lugaflow linapotafutiwa wazazi. Kabla ya kuwatafuta watu wa kundi hilo au wa zama zake, lichambue jina. *Abataka* ni wakuu wa koo katika Buganda, watu wa *ettaka*, yaani ardhi; na neno hilo lilikwisha kubeba siasa tangu vuguvugu la Bataka lililofikia kwenye ghasia za mwaka 1949. Vijana waliojiita hivyo hawakuchagua jina la kujifurahisha. Tazama pia filamu ya Brett Mazurek ya mwaka 2007 iliyowafuatilia, kwa sababu inakuonyesha nyuso, mavazi na mitaa, vitu ambavyo havimo katika kaseti. Wakati huohuo sikiliza Klear Kut, kundi la akina Navio, lililoghani zaidi kwa Kiingereza. Wapo wanaopenda kuyapambanisha makundi haya kana kwamba moja lilikuwa la wenyeji na jingine la wageni. Mimi naona ni hesabu ya mtu mvivu. Yalikuwa katika mji mmoja, na tofauti ya masikio yao ndiyo kipimo chako.

Unapokwenda kumhoji rapa ambaye sasa ana miaka arobaini na kitu, salamu ichukue muda wake. Mwite *ssebo*, au *nnyabo* akiwa mwanamke, uliza habari za nyumbani na za jana, na usianze kwa Kiswahili hata kama unajua anakijua. Kampala ya utoto wake ilikisikia Kiswahili zaidi kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki, na ingawa Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, kumbukumbu hiyo haikufutwa na marekebisho ya Katiba. Anza kwa Kiganda, hata kibovu. Akicheka Kiganda chako, mazungumzo yamefunguka, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakayehamia Kiswahili ili akusaidie.

Maswali yawe ya vitu. Ulikuwa ukilala wapi mwaka huo? Ulikuwa kidato cha ngapi? Studio ilikutoza shilingi ngapi kwa saa, na nani alilipa? Biti ilitengenezwa upya au ilitoka upande wa pili wa kaseti ya Mmarekani? Kaseti mlirudufu wapi, ngapi, na mkaziuza au mkazigawa? Mtu asiyekumbuka mwaka hukumbuka bei. Ukiwapata wawili waliogombana, wahoji juu ya onyesho lile lile, kila mmoja peke yake, na uzingatie wanapokubaliana, kwa kuwa mahasimu hawakubaliani kwa kutaka kufurahishana. Uliza pia kuhusu wanawake, tena kwa jina la kazi: nani aliimba kiitikio, nani aliandika, nani aliazima chumba. Nyakati hizo jina la mwanamke mara nyingi halikufika kwenye karatasi ya kaseti.

Kiswahili kiko wapi humu?

Huu ndio mtego niliouahidi. Ukiwa Mswahili wa lugha, utaanza kusikia Kiswahili kila mahali katika Lugaflow, na utashawishika kuandika kwamba chimbuko ni letu. Tenganisha matabaka. *Ekitabo*, *emmeeza*, *essaawa* na *ssukaali* ziliingia Kiganda kwa njia ya wafanyabiashara wa pwani, nazo leo ni maneno ya bibi kijijini. Hazithibitishi lolote kuhusu mtaa. Tabaka la pili ni la miaka ya 1970, enzi ya Amin, aliyetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973: hapo ndipo *magendo* na *mafutamingi*, yaani matajiri wapya, yalipokuwa maneno ya kila mdomo, na hapo ndipo Luyaaye, lugha ya vijiweni ambayo marapa waliinywa kama maziwa, iliponenepa. Neno la Kiswahili lililopitia Luyaaye ni ushahidi halali, mradi useme lilipita huko. Tabaka la tatu ni la wazi na la hivi karibuni. MC Yallah, anayeghani kwa Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, aliiita albamu yake ya mwaka 2019 Kubali, nayo ilitolewa na lebo ya Hakuna Kulala, tawi la Nyege Nyege Tapes ya Kampala. (Msomaji wa Mombasa asishtuke: kwa Kiganda neno hilo ni ile hamu isiyozuilika ya kucheza, ingawa mwaka 2018 hata waziri wa maadili hapa kwetu alilishtukia, akataka tamasha lenye jina hilo lizuiwe.) Albamu kama hiyo ni ya mavuno, si ya mbegu; iweke mwisho wa maelezo yako, usiiweke mwanzo.

Kuhusu majirani, Dar es Salaam ilikuwa na Saleh J akirap kwa Kiswahili mwaka 1991 na kundi la Kwanza Unit kuanzia 1993. Ukitaka kudai kwamba Kampala iliiga, tafuta kaseti yao mikononi mwa mtu wa Kampala kabla ya 1996. Bila kaseti hiyo, taja majirani kwa sentensi moja na uendelee.

Kaseti si zako

Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi hata kama kaseti yake uliiokota sokoni Owino kwa shilingi mia tano. Omba ruhusa ya maandishi kabla ya kurusha chochote mtandaoni, na umpe mwenyewe nakala ya WAV na nakala ndogo ya kusikiliza kwenye simu. Katika jina la kila faili andika mwaka unaouamini, na kando yake ushahidi uliokufikisha hapo: bango, gazeti, au simulizi tupu. Mwenye kaseti akikataa isitoke nyumbani kwake, usibishane naye. Beba kompyuta, waya na redio kaseti uende kwake. Kaseti ya C60 ina dakika 30 kila upande, kwa hiyo omba umeme wa saa mbili, ukihesabu muda wa kuusokota mkanda kwenda na kurudi, na wa chai ambayo hutaruhusiwa kuikataa.